Bei ya Kupotea: Wasiwasi, Jinsia na Ujuzi wa Njia

Kujua njia ni ujuzi wa namna mbili, na mtu anaweza kuwa na mmoja akaukosa wa pili. Wa kwanza ni ujuzi wa mfuatano: toka nyumbani, pita msikitini, ukifika kwenye mwembe kata kushoto, nyumba ya tatu. Mwenye ujuzi huu hufika salama, ilimradi asiruke hatua yoyote na mwembe usikatwe. Wa pili ni ujuzi wa mahali pote kwa pamoja. Mwenye huo anajua soko liko upande gani wa msikiti na kwake ni upande gani wa soko. Akikuta mtaa umefungwa kwa turubai la harusi, huingia uchochoro asioujua na bado akatokea anakokwenda.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tolman, alieleza majaribio ya panya waliozoeshwa kufuata njia moja ya kuzunguka hadi kwenye chakula. Njia hiyo ilipozibwa na nyingine nyingi zikafunguliwa, iliyochaguliwa na panya wengi kuliko nyingine yoyote ni ile iliyoelekea karibu na mahali chakula kilipokuwa. Tolman akahitimisha kwamba kichwani mwa panya kuna kitu mfano wa ramani. Mwaka 1971 John O'Keefe, akifanya kazi London, alitangaza kuwa katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, zimo seli zinazoamka pale tu panya anapokuwa mahali fulani mahususi. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser, nchini Norway, wakaeleza seli nyingine za jirani zinazoipima nafasi kwa mpangilio wa pembetatu zinazojirudia. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Falsafa ilikuwa imeligusa jambo hili mapema zaidi, na kwa njia ambayo bado ina uzito. Immanuel Kant, katika insha ya mwaka 1786 kuhusu maana ya kujielekeza katika kufikiri, alitoa mfano wa mtu aliyeingia gizani katika chumba anachokijua. Mtu huyo akishika kitu kimoja tu, meza au kitasa, hupata mwelekeo wa chumba kizima. Lakini kinachomsaidia hakimo chumbani. Angeweza kukumbuka mpangilio wote wa vyombo na bado akapotea, kama asingehisi mwilini mwake mwenyewe tofauti ya kulia na kushoto. Kwa Kant, basi, ujuzi wa njia unaanzia katika hisia ya mwili wa anayetembea. Kant hakuuliza mwili huo ni wa nani. Hakuuliza kama una amani au unatetemeka, wala kama mwenyewe anaruhusiwa kuwa gizani saa hiyo. Maswali hayo ndiyo yanayobaki, na jibu lake linaamua kama tofauti za watu katika kujua njia ni tofauti za akili au za maisha waliyopewa.

Wasiwasi wenyewe unahitaji kutenganishwa na hofu. Søren Kierkegaard, katika kitabu chake cha mwaka 1844 kuhusu dhana ya wasiwasi, alisema hofu ina kitu chake: mbwa, mwizi, maji yanayopanda. Wasiwasi hauna kitu. Unatokana na uwezekano. Aliyesimama ukingoni mwa genge akatazama chini hupata kizunguzungu, na wasiwasi ni mfano wa kizunguzungu hicho. Kinachomyumbisha ni uhuru wake mwenyewe. Njia panda isiyojulikana ina jambo hilohilo kwa kipimo kidogo. Hakuna kibaya kilichokwisha kutokea. Kila barabara inawezekana, na aliyesimama hapo ndiye wa kuchagua.

Hali hiyo huonekana vizuri pale basi la mkoani lililochelewa linapoingia stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, karibu na saa sita usiku. Abiria anayefika mjini kwa mara ya kwanza ameelekezwa kwa simu atokee upande wa Barabara ya Morogoro, avuke, apande daladala, ashukie kituo alichotajiwa. Kabla mguu haujagusa chini, waendesha bodaboda wamemzunguka, mmoja keshashika mkanda wa begi, mwingine anamwita dada na kumuuliza anaenda wapi. Kuanzia hapo macho yake yanafanya kazi mbili tu, kulinda begi na kusoma nyuso. Mabango hayaoni. Geti alilotokea hakulitazama. Kesho yake ataweza kueleza sura ya yule aliyemshika begi, lakini akiambiwa arudi stendi mwenyewe hajui aanzie wapi. Hakukosa akili ya kujua njia; akili ilikuwapo, imetumwa kwingine.

Sayansi ya ubongo inakubaliana na picha hii. Kumbukumbu ya muda mfupi, ile inayoshika maelekezo wakati mtu anatembea, ina nafasi ndogo, na wasiwasi hula sehemu yake. Zaidi ya hapo, hubadilisha namna ya kujifunza. Mwaka 2007 Lars Schwabe na wenzake waliwapa watu kazi ya kujifunza mahali pa kitu ndani ya chumba cha mfano. Mtu aliweza kukipata kwa kutumia mpangilio wa chumba chote, au kwa kushikilia alama moja tu iliyokuwa karibu nacho. Waliotiwa shinikizo kabla ya kazi walielekea zaidi kwenye alama moja. Kwa maneno mengine, msongo humsukuma mtu kutoka ujuzi wa pili kwenda ujuzi wa kwanza. Anayefuata alama moja moja kwa wasiwasi hufika, lakini hufika bila kujifunza mji. Safari inayofuata inamkuta alipokuwa, na wasiwasi wake unapata sababu mpya. Huu ni mduara, na atakayeingia humo akiwa mdogo atatumia sehemu kubwa ya maisha kuamini kwamba amezaliwa hivyo.

Utafiti uliohusisha mduara huo na jinsia kwa uwazi ni wa Carol Lawton, uliochapishwa Marekani mwaka 1994. Aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu wanatumia mbinu gani wanapokwenda mahali wasipopazoea, na wanapata wasiwasi kiasi gani katika hali kama kujaribu njia ya mkato au kutafuta njia ya kutokea ndani ya jengo kubwa. Kwa wastani wanawake walisema hufuata zaidi mfuatano wa kona na alama. Wanaume walisema hushika zaidi pande za dunia na mahali jua lilipo. Wanawake waliripoti wasiwasi mkubwa zaidi, na kadiri wasiwasi ulivyokuwa mwingi ndivyo mbinu ya pande za dunia ilivyotumika kidogo. Mwaka 2002 Lawton na János Kállai walilinganisha Marekani na Hungary. Pengo lilikuwapo kote kuwili. Wanaume walikumbuka kuzunguka zaidi walipokuwa watoto, na wanawake walijiona hawako salama kiasi hicho wanapokuwa nje peke yao.

Matokeo haya husimuliwa kwa urahisi mno, kana kwamba yanamhusu kila mwanamke na kila mwanaume. Yanahusu wastani. Wapo wanawake wengi wanaowapita wanaume wengi, na dodoso la namna hii hupima yale mtu anayokiri, ambapo mwanaume aliyelelewa kutokukiri woga atajiandikia wasiwasi mdogo kuliko alionao. Tena kuna upendeleo uliofichika katika kuiona mbinu ya pande za dunia kuwa ndiyo bora. Dar es Salaam hakuna anayemwelekeza mgeni kwa kusema aende kaskazini mita mia tatu. Mwanaume na mwanamke wote watasema shuka kituoni, rudi nyuma kidogo, ulizia duka la mangi. Hata Kariakoo, ambako mitaa imepangwa kwa mistari iliyonyooka, watu huelekezana kwa maduka na misikiti. Mji mzima wa mamilioni huendeshwa kwa mbinu ambayo dodoso la Marekani linaihesabu kuwa ya wanawake, na watu hufika.

Hata hivyo pengo lipo, na halifutiki kwa kuukosoa upimaji peke yake. Majaribio ya kugeuza maumbo akilini, yaliyoanzishwa na Roger Shepard na Jacqueline Metzler mwaka 1971, yamekuwa yakiwapa wanaume wastani wa juu mara kwa mara. Mchezo wa simu uitwao Sea Hero Quest, uliotolewa mwaka 2016 ili kusaidia utafiti wa maradhi ya kusahau, ulichezwa na mamilioni ya watu duniani. Humo mchezaji huendesha boti kwenye ghuba na mifereji aliyoonyeshwa kwenye ramani mara moja tu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha wanaume wakiwa mbele kwa wastani. Lakini ulionyesha na jambo la pili, lenye maana zaidi: ukubwa wa pengo ulitofautiana kati ya nchi na nchi, na ulikwenda pamoja na kiwango cha usawa wa kijinsia katika nchi husika. Pale wanawake walipokuwa karibu na wanaume katika elimu, kazi na siasa, pengo lilikuwa dogo. Maumbile peke yake hayaelezi kwa nini pengo lifuate mipaka ya nchi.

Ushahidi ulio karibu zaidi na nyumbani ni wa zamani, na unastahili kujulikana kuliko unavyojulikana. Mwaka 1971 Robert Munroe na Ruth Munroe walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa Kilogoli, magharibi mwa Kenya. Waliwafuatilia watoto wadogo kuona wako umbali gani kutoka nyumbani nyakati mbalimbali za mchana, na wakatenganisha mambo mawili ambayo watafiti wengi huyachanganya: umbali ambao mtoto ametumwa, na umbali ambao mtoto amejiendea mwenyewe akiwa hana kazi. Katika muda wao wa bure, wavulana walikutwa mbali zaidi kuliko wasichana. Na waliozoea kwenda mbali kwa hiari yao ndio waliofanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya nafasi na maumbo. Mwaka huohuo Sara Nerlove alishirikiana nao kurudia utafiti huo kwa watoto wa Kigusii, na uhusiano kati ya umbali na uwezo ukajitokeza tena.

Utenganisho ule wa kutumwa na kujiendea una uzito wa kifalsafa. Msichana anayetumwa kisimani au dukani hutembea, pengine zaidi ya kaka yake, lakini hutembea juu ya njia iliyokwisha kuamuliwa, na atahojiwa akichelewa. Mvulana anayekimbiza panzi hana njia. Anapotea kidogo, anajipata, anapotea tena. Hakuna mtu wa kumuuliza alikuwa wapi hadi jua lizame. Kila kosa lake ni somo lisilo na ada. Ujuzi wa mahali pote kwa pamoja hauwezi kupatikana kwa namna nyingine, kwa sababu ili kujua jinsi njia mbili zinavyoungana ni lazima mtu awahi kuiacha moja. Kwa hiyo kinachogawanywa kwa usawa mdogo kati ya watoto wa kike na wa kiume ni haki ya kukosea njia. Akili huja baadaye, kama zao la haki hiyo.

Matokeo ya haki hiyo hupimika hata kwa watu wazima. Mwaka 2016 Kyle Gagnon, Elizabeth Cashdan na wenzao walieleza jinsi wanawake na wanaume wanavyochunguza mahali pageni katika mazingira ya kompyuta. Wanawake walisita zaidi na walirudi mara nyingi zaidi mahali walipokwisha kupita, wanaume walisambaa. Tabia ya kukwepa madhara ilihusiana na mwendo huo, na aliyesambaa kidogo alijua mahali kwa usahihi mdogo. Katika bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, vifaa vya kufuatilia mwendo vimeonyesha kuwa wanaume wa Kihadzabe hutembea mbali zaidi kwa siku, mara nyingi mmoja mmoja, wakifuata mnyama au ndege wa asali. Wanawake huenda kwa kundi, pamoja na watoto, kuchimba mizizi na kuchuma matunda. Tofauti hiyo huanza utotoni. Hapo mtu anaweza kusema huu ni mgawanyo wa kale wa wawindaji, na mambo yameumbika hivyo. Inawezekana sehemu yake ni kweli. Lakini kauli hiyo haielezi kwa nini mpango wa kazi wa jamii moja uwe hatima ya mwanasheria wa kike wa Nairobi ambaye hachimbi mizizi.

Tena isidhaniwe kuwa hatari ndiyo inayozuia kujifunza. Wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja hutoka na maji ya bamvua kutafuta pweza mwambani. Huko hakuna bango wala mwembe. Kuna mashimo, mikondo, mchanga unaohama, na bahari ambayo itarudi kwa saa yake. Mwenye kukosea njia ya kurudi pwani huzingirwa na maji. Hofu ipo na ina kitu chake, kama Kierkegaard alivyoipambanua, na mwanamke anayelijua shimo la pweza kwa kuligusa na ncha ya fimbo analijua pia bonde la maji litakalojaa kwanza. Mwamba ni wake. Yumo humo kwa haki, alifundishwa na mama yake, na hakuna atakayemuuliza alifuata nini. Hofu ya namna hii hunoa ujuzi. Wasiwasi wa stendi huubomoa.

Tofauti ni nini? Mwanafalsafa wa Marekani Iris Marion Young, katika insha ya mwaka 1980 inayoanzia kwenye jinsi wasichana wanavyorusha mpira, alisema mwili wa mwanamke katika jamii nyingi hulelewa kujiona kwa jicho la anayeutazama. Unapotaka kutenda, unajizuia katikati ya tendo, kwa kuwa wakati uleule ni mtendaji na ni kitu kinachotazamwa. Maneno hayo yanaeleza barabara ya usiku kuliko uwanja wa mpira. Mwanamke aliyepotea hawezi kusimama katikati ya njia akageuza kichwa huku na huku akitafuta alama, ingawa ndivyo mtu anayetaka kujua alipo anavyopaswa kufanya, kwa sababu kusimama hivyo ni kutangaza kwamba amepotea. Hivyo hutembea haraka, macho mbele, kana kwamba anajua. Mbinu inayomlinda ndiyo inayomnyima ramani.

Kuna pingamizi la haki hapa. Katika nchi nyingi wanaouawa na kupigwa barabarani ni wanaume zaidi, na bado wanaoripoti woga zaidi ni wanawake. Je, hilo si kusema kwamba wasiwasi wao unapotosha hesabu? Hoja hiyo inahesabu tukio na kuacha bei. Mwanamke hubeba hatari ya ubakaji kwa kiwango ambacho mwanaume hakibebi, na baada ya tukio lolote hubeba jambo la pili: swali la alikuwa anafanya nini huko saa zile. Swali hilo huulizwa na ndugu, jirani, askari, wakati mwingine mama mzazi. Mvulana aliyeporwa simu saa nane usiku hupewa pole. Kwa hiyo wasiwasi huo ni makisio ya gharama, na makisio hayo hayako mbali na ukweli. Wasiwasi unajua vizuri bei ya kupotea. Kile usichoweza kukijua ni njia, na hauna namna ya kumfundisha mtu njia.

Dini zimelikabili suala hili kwa ukaribu kuliko falsafa, kwa sababu katika masimulizi yao ya msingi yumo mwanamke aliyepotea. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 16, Hajiri amemkimbia bibi yake, na malaika anamkuta jangwani penye chemchemi. Anamuuliza mambo mawili, anatoka wapi na anakwenda wapi. Hajiri anajibu la kwanza tu. Anajua anachokimbia, la pili hana jibu lake. Inafaa kukaa na sehemu hiyo, kwa kuwa maswali ya malaika ndiyo maswali mawili ya kila mwenye kutafuta njia, na mtu anayesukumwa na woga huweza kujibu moja peke yake. Katika sura ya 21 yuko tena nyikani, safari hii na mtoto, maji yamekwisha.

Katika mapokeo ya Kiislamu, yaliyosimuliwa na Ibn Abbas na kuhifadhiwa na Bukhari, Bibi Hajar anaachwa na mwanawe mchanga katika bonde lisilo na mtu wala mmea. Maji yanapokwisha anapanda Safa, kilima kilicho karibu, atazame kama kuna yeyote. Haoni mtu. Anashuka, na afikapo bondeni anainua ncha ya vazi lake na kukimbia kama mtu aliyefikwa na shida kubwa, kisha anapanda Marwa, anatazama tena. Mara 7. Anayeusoma mwendo huo kama mtafutaji wa njia ataona ndani yake utaratibu. Anachagua sehemu za juu ili aone mbali. Anatumia vilima viwili visivyompeleka mbali na mtoto. Wasiwasi wake ni mkubwa kuliko wowote unaopimwa maabara, wala haukumfunga macho. Na yale majaribio ya kompyuta ya mwaka 2016 yangemhesabu kuwa miongoni mwa wanaorudi mahali palepale bila kusambaa. Alirudi kwa sababu alikuwa na wa kumrudia. Tafiti zinazopima kilomita bila kuuliza nani ameachwa nyumbani hupoteza nusu ya maana ya mwendo wa wanawake.

Mahujaji wote, wake kwa waume, hufuata hatua hizo hadi leo. Katika sehemu ya bonde iliyowekewa taa za kijani, wanaume hutakiwa kwenda mbio. Wanawake, kwa kauli ya wanazuoni, hutembea. Mwanamke ndiye aliyekimbia hapo, na sasa mbio zake zimo mikononi mwa wanaume kwa ajili ya sitara yake. Linaloonekana hapo ni jinsi mwendo wa mwanamke unavyopata kanuni zake, hata pale alipokuwa yeye mwenyewe chanzo cha ibada.

Suala la mwanamke kusafiri bila maharimu, yaani mume au ndugu wa kiume asiyeruhusiwa kumwoa, linafuata mantiki hiyohiyo, na ndani yake kuna swali la kweli: je, sharti lile linahusu uanamke au linahusu hatari? Hadithi zinazomkataza mwanamke kusafiri bila maharimu zinajulikana. Wanazuoni wa Kihanafi na Kihanbali walilifanya kuwa sharti hata katika Hija ya faradhi. Wa Kimaliki na Kishafii, madhehebu ya pili ambayo ndiyo ya wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, waliruhusu Hija hiyo katika msafara wa wanawake waaminifu. Ruhusa hiyo inaonyesha kwamba walitazama usalama. Na kuna hadithi ya Adi bin Hatim, iliyo katika Bukhari pia. Watu wawili walimjia Mtume, mmoja akilalamikia ufukara na mwingine majambazi wa njiani. Mtume akamwambia Adi kwamba akiishi muda mrefu ataona mwanamke akisafiri kutoka Hira, mji wa Iraki, hadi akatufu Kaaba, asimwogope yeyote ila Mwenyezi Mungu. Adi, aliyekuwa kiongozi wa kabila la Tayy, alijiuliza moyoni basi majambazi wa Tayy watakuwa wamekwenda wapi. Baadaye akashuhudia kwamba alimwona mwanamke huyo.

Hapo kipimo cha amani ya nchi kimekuwa msafiri wa kike aliye peke yake. Lililobadilika kati ya malalamiko na utabiri ni barabara, kwani mwanamke ni yuleyule. Na Adi alijua mara moja swali linapopaswa kwenda: kwa majambazi, tena wa kabila lake mwenyewe. Mwaka 2021 Saudi Arabia iliruhusu wanawake kujiandikisha kwa Hija bila maharimu wakiwa katika kundi, na mwaka uliofuata waziri wake wa Hija akatangaza kwamba mwanamke kutoka popote duniani anaweza kuja bila maharimu. Wapo wanaoona hilo ni kuiacha sheria. Kwa mtazamo wa hadithi ya Adi, ni sharti lililotegemea njia kufuata hali ya njia.

Yanabaki mambo ya kutendwa. Mji una sehemu yake: taa, usafiri wa usiku, majina ya mitaa yanayosomeka. Uchambuzi mwingine wa Sea Hero Quest, uliotolewa mwaka 2022 na kuhusisha nchi 38, ulionyesha kwamba waliokulia nje ya miji walijua njia vizuri kuliko waliokulia katika miji ya mitaa iliyonyooka kama Chicago. Mazingira ya utotoni huacha alama hata uzeeni. Simu nazo zimepunguza wasiwasi wa wengi. Msichana anayemtumia dada yake lokesheni kabla ya kupanda bodaboda amepata kitu cha kweli. Hata hivyo Louisa Dahmani na Véronique Bohbot walionyesha mwaka 2020 kwamba waliotumia zaidi vifaa vya kuelekezwa njia walikuwa na kumbukumbu dhaifu zaidi ya mahali walipotakiwa kwenda wenyewe. Simu huondoa woga, na inaweza kuondoa kujifunza pamoja nao, isipokuwa kwa yule anayeitumia aondoke kwenye njia aliyoizoea, akijua atarudi.

Kuhusu kama pengo linaweza kuzibwa, jibu linajulikana kwa sehemu. David Uttal na wenzake walikusanya tafiti 217 mwaka 2013 na kukuta kwamba uwezo wa nafasi na maumbo hufundishika, kwa jinsia zote na kwa umri wowote, na faida yake hudumu. Kabla ya hapo, mwaka 2007, Jing Feng, Ian Spence na Jay Pratt waliwapa wanafunzi mchezo wa video wa mapambano kwa saa 10. Wote walipanda, na wanawake walipanda zaidi, hata pengo likapungua sana. Mchezo huo ni wa kuingia mahali pasipojulikana, kugeuka haraka na kukosea mara nyingi. Ulichezwa ndani, na hakuna aliyewauliza walikuwa wapi.